Muulize Shangazi: "Wote tumesikia, hamna aliyesema kitu"

Wapendwa wasomaji, mwezi huu simu yangu imejaa. Toleo lililopita niligusia matusi ya mtandaoni nikasema kwa ufupi tu kwamba wanaotukana ni wachache, tusiwajali. Mmenijia juu, na mna haki. Wengi mmeniandikia jambo moja: shangazi, tatizo letu siyo yule mmoja anayetukana, tatizo ni sisi wengine wote tuliokuwepo tunaangalia. Basi leo naacha mambo ya wachumba na mawifi wanaogombania friji, tuongee hili.

"Shangazi shikamoo. Sisi tuna grupu la ukoo WhatsApp tupo 87, la kutangaziana misiba, harusi na michango. Baba mdogo wetu ambaye ndo tunamheshimu kuliko wote (mimi kanilipia ada fomu faivu na siksi) alituma sauti ya dakika nne, siyo yake, ni ile ya kufowadiwa, jamaa anaongea kwamba watu wa Kigoma siyo Watanzania, ni Warundi wamejipenyeza, eti ni kupe wananyonya nchi warudishwe kwao. Sasa wifi yangu, mke wa kaka, ni Muha wa Kasulu, Kigoma, na yumo humo humo kwenye grupu. Hamna aliyejibu. Binamu mmoja akaweka emoji ya kucheka. Saa nne usiku nikaona wifi amejitoa. Asubuhi mtu akatuma namba ya mchango wa kitchen pati, maisha yakaendelea. Wiki ya tatu hii kaka hanipigii. Mimi sikucheka shangazi, nilikaa kimya tu, sasa kosa langu liko wapi? — Mama Wawili, Morogoro"

Marahaba mwanangu. Ngoja nianze na kitu kidogo cha kwenye simu. Baba mdogo wako akiibonyeza ile sauti akaangalia taarifa zake, ataona orodha ya majina ya walioisikiliza, pengine na lako limo. Wifi yako haioni hiyo orodha. Yeye anaona kimya, na kimya hakina majina, kwa hiyo majina anayaweka yeye mwenyewe, na mtu akiwa ameumizwa anaanza na wale anaowapenda. Ndo maana kaka hapigi simu.

Ila usijione mtu mbaya. Mwaka 1968 Wamarekani wawili wa saikolojia, John Darley na Bibb Latané, walifanya jaribio na wanafunzi, kila mmoja chumba chake, wanaongea kwa spika, hawaonani. Katikati ya maongezi mmoja anaanza kama kupata kifafa, anaomba msaada. Wale waliodhani wako peke yao na mgonjwa, 85 kati ya 100 walitoka mbio kuita mtu kabla kifafa hakijaisha. Wale waliodhani kuna wengine wanne wanasikia, waliotoka ni 31 tu. Na kitu ambacho watu hawakisimulii ni kwamba wale waliobaki vyumbani hawakuwa wamepoa kabisa, walikutwa mikono inatetemeka, viganja vina jasho. Yaani walikuwa wanaumia, wanasubiri mwingine aanze. Sasa vyumba vile na grupu la watu 87 tofauti yake nini? Kila mtu yuko kitandani kwake kashika simu anasema moyoni "shangazi mkubwa atamwambia", shangazi mkubwa naye anasema "vijana watajibu". Usiku ule ule admini angeweza kuifuta ile sauti kwa watu wote, hicho kitufe wanacho tangu 2022, lakini admini naye ni mtoto wa mtu ana baba mdogo.

Na hilo neno kupe naomba usilipite haraka. Ukishamwita mtu mdudu, umeshasema afanywe nini maana mdudu hana adhabu nyingine. Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, redio ya RTLM ilikuwa inawaita Watutsi *inyenzi*, yaani mende, na kesi ya waliohusika na redio ile na gazeti la Kangura ilisikilizwa hapa hapa Arusha, hukumu ikatoka Desemba 2003. Sisemi baba mdogo wako ni RTLM, mzee wa watu kabonyeza tu fowadi. Nasema wifi yako katokea mkoa ambao wakimbizi wa vita vya majirani wamekuwa wakiingia miaka nenda rudi, kambi ya Nyarugusu iko huko huko kwao Kasulu, kwa hiyo yeye hilo neno kalisikia kwa sikio tofauti na lako. Na watu wa Kigoma wamechoka, kila ofisi wakitaja kwao wanaulizwa tena babu alizaliwa wapi.

Sasa ufanye nini. Kwanza wifi, na siyo messeji, mpigie, na kama Morogoro na kwao siyo mbali nenda ukakae jikoni kwake. Usianze kumweleza kwamba baba mdogo hakuwa na nia mbaya, hilo siyo lako kulisema na siyo kwake. Mwambie: wifi, niliisikia ile sauti, nilinyamaza, nimekosea. Halafu unyamaze wewe, umsikilize, hata akikufokea.

Baba mdogo yeye mwendee inbox, tena ukiweza uso kwa uso, kwa heshima zote za ada alizolipa. Na una bahati moja. Ile sauti ilikuja na vishale viwili, si ndiyo? Maana yake imeshapita mikono mingi mno, WhatsApp wenyewe tangu 2020 ukitaka kuisambaza ya namna hiyo wanakuruhusu sehemu moja tu kwa mara moja. Basi huo ndo mlango wa kumtolea mzee bila kumvunjia heshima: "baba, hii umetumiwa na watu wasioijua familia yetu, hawajui kwamba kwetu kuna mtoto wa Kasulu." Wazee wengi hapo wanashusha pumzi.

Ila na kwenye grupu lazima useme, hata kama wiki tatu zimepita, maana aibu ilitokea mbele ya watu 87 na haiwezi kufutwa kwenye simu ya watu wawili. Fupi tu. "Shikamooni wakubwa. Ile sauti ya watu wa Kigoma iliniuma na sikusema. Wifi yetu ni wa Kasulu na ni wa kwetu. Naomba zisirudi humu." Basi, usiongeze aya na hadithi. Na kabla hujabonyeza, mtafute binamu mmoja mwenye akili umwambie nikiandika hivi na wewe andika "naunga mkono" ndani ya dakika moja. Wa kwanza huwa anaonekana mkorofi, akija wa pili mnaanza kuonekana familia.

Mimi nilishawahi kuwa kwenye grupu la wazazi wa shule, mama mmoja akasemwa dini yake pale mpaka nikasikia joto masikioni, nikaandika sentensi, nikaifuta, nikaandika, nikaifuta, nikaenda kuchambua mchele. Yule mama nikikutana naye sokoni mpaka leo tunasalimiana kwa kichwa tu.

"Sasa Shangazi. Mimi ni wa boda hapa Nakuru, miaka 24. Mimi siwezi nyamaza, nikiona mtu huko X, ile Twitter ya zamani, anaandika ukabila namchukua namkoti, yaani naiposti tena ya kwake na maneno yangu juu, nimwanike watu wamuone. Juzi moja imefika viewz laki nne. Dem wangu anasema ati mimi ndio nimemfanyia huyo jamaa matangazo. Ako na ukweli ama? — Mtu wa Stage"

Ako na ukweli, kijana, mnunulie maua. Laki nne! Huyo jamaa alikuwa na wafuasi wangapi kabla yako?

Lakini sitaki uache, maana Wakenya mna historia nzuri kwenye hili na inafaa uijue. Baada ya zile vurugu za uchaguzi za 2007 na 2008, ambapo watu zaidi ya elfu moja walikufa na Nakuru yenu na Naivasha mnajua wenyewe ilivyokuwa, kura ya 2013 ilipokaribia kulikuwa na mradi Nairobi unaitwa Umati, watu wanakaa kila siku kusoma mitandao kwa Kiswahili, Kiingereza, Kikuyu, Kijaluo na lugha nyingine wakirekodi maneno ya uchochezi. Waliyokusanya karibu yote yalitoka Facebook, Twitter yalikuwa kidogo sana. Sehemu ya sababu ni jinsi mitandao yenyewe ilivyojengwa, Facebook kulikuwa na magrupu ya kujificha. Ila sababu nyingine ni KOT, wale Wakenya wa Twitter: mtu akitupa neno la chuki, wanamvaa hapo hapo, wanamchana, mpaka anafuta au anafunga akaunti. Kwa hiyo siyo kweli kwamba kujibu hakusaidii.

Sema Twitter ile na X ya leo ni vitu viwili. Leo kuna mtu anapakia ukabila asubuhi akijua wewe wa Nakuru utakasirika saa nne na kufika jioni kashapata namba alizokuwa anatafuta. Huyo ukimkoti umemlisha. Ukitaka kuonyesha watu, piga skrinishoti, ziba jina. Halafu ripoti. Na kama lazima ujibu, jibu chini ya posti yake, mara moja, ikizidi mara mbili, uende zako kwa abiria.

Ujibu nini? Hapa kuna utafiti naupenda, watu wa Zurich, ulitoka 2021. Walichukua akaunti 1,350 za Twitter zilizokuwa zimeandika ubaguzi wa rangi au chuki dhidi ya wageni, wengine wakawaacha bila jibu ili walinganishe, waliobaki wakawajibu kwa njia tatu tofauti: wengine walitaniwa, wengine walionywa kwamba ndugu na mabosi wao wanaona, wengine waliambiwa maneno yako yanawaumiza watu hawa. Utani haukufanya kitu, onyo halikufanya kitu. Lililosogeza kidogo ni lile la tatu, na nasema kidogo, usije ukadhani watu waliokoka. Wakapunguza, wengine wakafuta. Mimi iliniuma maana mimi ni mtu wa vijembe, nilitaka vijembe vishinde.

Kuna na ile ya Wajerumani, inaitwa #ichbinhier, maana yake "mimi nipo hapa", ilianza mwisho wa 2016 kwa kuiga Waswidi. Wanaingia kwa pamoja kwenye komenti za magazeti, wanaandika vitu vya kistaarabu, kisha wanalaikiana wao kwa wao ili komenti nzuri zipande juu na za chuki zishuke zisionekane. Ona akili hiyo. Hawagombani na mtu, wanapanga viti upya. Wewe na wenzako wa steji mko wangapi, kumi? Kumi wanatosha kuinua komenti moja.

Jambo la mwisho kwako, yale maneno ya kuficha. Januari 2022 Eldoret mwanasiasa alisimama jukwaani akasema "madoadoa" yaondolewe, neno la kuficha la watu wa makabila mengine, nchi nzima ikajua anaongea nini, na baadaye NCIC, ile tume yenu ya uwiano, wakatoa orodha ya maneno ya kuchunga na madoadoa yakiwemo. Kisheria kifungu cha 13 cha ile sheria ya uwiano ya 2008 ni faini hadi milioni moja au jela hadi miaka mitatu au vyote. Lakini mtaani mtu wa namna hiyo anategemea kwamba hutamuuliza. Kwa hiyo muulize, kwa upole kabisa kama hujui: madoadoa ni akina nani bro, nitajie majina, ni mama mboga wa pale stage? Wengi wanakwama hapo, maana kuandika jina la mama mboga anayekukopesha sukuma wiki ni kazi ngumu.

"Shangazi za masiku. Mimi Mpare, rafiki zangu Wachaga, tunataniana tangu utoto. Sasa kuna peji inaposti kila siku Wachaga wezi, wanaua waume zao kwa ajili ya urithi, nikilalamika naambiwa 'ni utani tu, Mpare umeanza lini kuwatetea?' Utani unaishia wapi? — Wa Same"

Nzuri mwanangu. Hili swali lingeulizwa kwa babu zetu wangekucheka maana wao walikuwa na kanuni zake. Mtani anakuita mwizi, ndiyo, lakini mkifiwa ndo huyo huyo anakuja msibani, anavaa koti la marehemu anaigiza alivyokuwa anatembea mpaka mjane anacheka katikati ya machozi, kisha anashika jembe na sufuria. Wanyamwezi na watu wa pwani walijenga utani wao kwenye njia za misafara, mtu akiugua safarini mtani wake anajua ana la kufanya. Utani una deni ndani yake.

Sasa hiyo peji, mwenye nayo unamjua? Ukifiwa atakuja? Mchaga akimjibu anacheka au anamblok? Hata Simba na Yanga, yule jirani anayekutumia picha ya kibonzo saa mbili usiku mkifungwa bao tano, kesho asubuhi anakuomba pasi ya kunyooshea shati. Asiye na sura hana utani na wewe. Na wewe kama Mpare ndo sauti yako inafaa kuliko ya Mchaga, kwa sababu mwenye haki ya kumtania ndo mwenye haki ya kusema hapa hapana. Waandikie hivyo hivyo: "Mimi ni mtani wao kihalali, hii siyo utani." Uone watakavyobaki.

"Shangazi, haraka. Kuna posti Facebook imeweka jina la mtu wa mtaa wetu, picha ya duka lake na mtaa, wanasema siyo mwenzetu, mwisho imeandikwa 'mnajua la kufanya'. Nimeripoti nimejibiwa haikiuki kanuni. Nifanye nini? — Likoni"

Huyu nilimjibu siku hiyo hiyo kwa simu, naweka hapa kwa ajili ya wengine.

Hii siyo tena ya kubishana kwenye komenti, na usijibu kitu pale, ukijibu unaisukuma ionekane zaidi. Piga skrinishoti yote, jina la aliyeposti, tarehe, na unakili linki. Mpigie mwenye duka sasa hivi, usidhani keshaona, mara nyingi mwenyewe ndo wa mwisho kujua. Polisi ni 999 au 112, nenda na picha mkononi. Kisha waambie watu wengine kumi waripoti nao na wachague sababu ya vitisho vya kudhuru mtu, wasichague "siipendi". Na ukishajibiwa haikiuki, ipo sehemu ya kuomba waangalie tena, omba.

Nimekuwa mkali kwenye hili kwa sababu ya profesa mmoja wa kemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia. Wakati wa vita ya Tigray posti za Facebook ziliweka jina lake, picha na anapokaa. Mwanawe anasema aliziripoti na zaidi ya mara moja. Novemba 3, 2021 baba akapigwa risasi nje ya nyumba yake. Mwanawe akaenda kuishtaki Meta, wenye Facebook, na kesi akaifungua Nairobi, Desemba 2022, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikasema ina uwezo wa kuisikiliza. Kwa hiyo ukibonyeza ripoti usirudi kulala ukadhani umemaliza kazi.

"Shikamoo shangazi. Mimi niko mwaka wa tatu chuo, Mwanza. Kwenye grupu la darasa mtu alituma picha ya mwenzetu mwenye ualbino na maneno ya kijinga juu yake, mwingine akaitengeneza stika. Mimi niliweka emoji ya kucheka. Sikufikiri, kidole tu. Tulikuwa tunasoma naye diskasheni kila Jumanne, tangu siku hiyo haji. Nataka kumuomba msamaha ila naona aibu, na naogopa nikiandika kwenye grupu ndo nitamkumbushia. Nifanyeje? — Nimekosa"

Marahaba. Barua zote za mwezi huu ni za walionyamaza, walioumizwa au waliojaribu kujibu, wewe peke yako umeandika "nilicheka", na mimi nimeisoma hiyo sentensi mara tatu.

Unaogopa utamkumbushia. Hajasahau. Mtu mwenye ualbino aliyekulia Kanda ya Ziwa anajua maneno yanapoanziaga na yalipowahi kufika, ile miaka ya 2007 na 2008 ya mauaji ya wenye ualbino wazazi walikuwa hawalali, watoto wanasindikizwa shule. Wewe uliona stika. Yeye aliona watu wa darasa lake wanacheka na aliwahesabu.

Kaitoe hiyo emoji leo, ishike uiondoe, na stika ifute kwenye simu yako. Mtafute aliyeitengeneza umwambie aifute, huyo ni rafiki yako atakusikiliza wewe kuliko mimi. Kisha kwenye grupu lile lile ulipochekea andika mstari mmoja bila kumtaja jina: "Ile picha nilicheka, nimekosea, naomba tusirudie." Usieleze malezi yako wala kwamba ulikuwa na stresi ya mitihani. Watakaokucheka watakuwa wawili watatu, wengine utashangaa watakufuata inbox kimya kimya wakikuambia na wao.

Yeye mwandikie pembeni. Siyo ndefu, na usimuulize "umenisamehe?" maana hapo unampa kazi nyingine ya kukuhurumia. Mwambie ulichofanya, kwamba umeomba msamaha kwenye grupu, na kwamba Jumanne mpo saa kumi kama kawaida na kiti chake kipo. Asipojibu, asijibu. Jumanne ikifika muweke kiti. Na wewe siku hiyo uwahi.